Mashini ya Kulaza Mbao

Basi pale Kabingo kamba ikakatika, Baba Bahati, na ile mashini ikaanza kuteremuka nyuma ya pikapu kama mbuzi anataka kuruka. Mi nilikuwa nimekaa nyuma nayo, juu ya mafungu ya matoke, nikaikumbatia. Bahati iko mbele na shofere, anapiga kelele mu dirisha: "Mama, achilia, itakuvunja!" Niachilie namna gani? Kitu nimekikatala mingi vile, nimekisemea mabaya mbele ya batu, na sasa nakishika kama mutoto mwenye homa.

Batu ba Kabingo bakakuya kusaidia kusukuma. Muzee moja wa kofia akauliza: "Nyanya, hii ni ya kusaga mahindi?" Nikamuambia: "Hapana, ni ya mbao." Akasema: "Kumbe huko Nakivale munakula mbao?" Bale batu bakacheka, na mi nikacheka mpaka kitambaa ikaanguka ku kichwa. Ni mara ya kwanza nacheka vile toka tulikuzika.

Ngoja nirudie nyuma, juu nimeanza katikati. Ulikuwaka unasema: "Mama Bahati, habari yako haipitake ku mulango, inaingilia ku dirisha." Basi na leo imeingilia ku dirisha. Tena unajua mi sijui kuandika. Ni Esta, muke ya Bahati, ndiye anaandika, mi nasema. Nimemuambia aandike vile inatoka mu kinywa, asinisahihishe kama batoto ba shule. Anacheka. Esta, hata hiyo ya kucheka uandike, Baba Bahati ajue nyumba yake kungali kicheko.

Toka ulienda, bitu mingi bimebadilika. Nguzo za umeme zimefika mpaka upande yetu. Ule jirani wetu Mrundi, mwenye kuchomelea byuma, sasa anarusha cheche mpaka kuku zetu zinalala kwa Mama Furaha. Mvua ilibeba choo ya kanisa, na mahali ilibakia shimo, pasta anasema atapanda ndizi. Mahindi imetoka muzuri. Maharagi, hapana, usiulize. Bahati ndiye iko na ateliye, ile fasi yetu ya kazi ya mbao. Rabo yako, ile randa ya kuparulia mbao, anaitumia, lakini usiku anairudisha fasi yake, ku musumari wako, hapa ndani, hata kama nje kuko musumari karibu.

Lakini mwenye kubadilika kupita bitu byote ni mi. Bidole byangu, Baba Bahati. Bimekufa. Biko ku mukono, haviumi, vinashika kikombe, vinafunga kitenge. Lakini habisikii tena.

Na we unajua bidole byangu bilikuwaka nini. We unapiga rabo, mi nalaza. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yetu. Siku za kwanza tulifika hapa, mu mahema, musasa ya duka hatuna, ukaenda kunitafutia yale majani makali, yenye kukwaruza kama ulimi ya ng'ombe, ukaniambia: "Laza na hii." Nikalaza na majani. Kiisha tukapata musasa, nikalaza na musasa. Ukishaona inatosha, unakuya kusimama hapo, jasho ku pua, unauliza neno moja tu: "Imelala?" Mi nafunga macho, napitisha bidole pole pole. Kama kuko kaunyuzi ka mbao kamesimama, hata kamoja, kidole inaniambia. Nakuambia: "Bado, kuko kamoja hakataki kulala." Unarudia. Na kama yote imeshuka, nasema: "Imelala." Hukutoshaka kitu inje ya ile ateliye kama mi sijasema. Hata wa NGO akuye na gari, injini inanguruma, utamuambia: "Ngoja mama apime." Anangoja.

Mara ya mwisho bidole byangu bilisikia muzuri, ilikuwa sanduku yako. Bahati aliipiga, analia anapiga. Mi nikalaza ndani. Batu bakaniambia: "Mama, nje ndiyo batu bataona." Nikawaambia nje Bahati ataangalia, mi nalaza ndani, fasi bega ya baba yake itagusa. Nikalaza mpaka nikasema imelala. Nikangoja uniulize. Basi.

Nyuma ya pale, sijui ni uzee, sijui ni kilio, bidole bikaanza kunidanganya.

Uliza mabanki ya kanisa, yale ya kukalia. Kanisa iliomba mabanki mapya, Bahati akayapiga, akaniletea. Nafunga macho, napitisha bidole. Naona kimya. Nikafikiri kimya ni kulala. Nikasema: "Imelala." Basi siku ya Mungu, katikati ya maombi, mama pasta akaruka juu na kelele: "Uuuwi!" Batu bakafikiri ni Roho imeshuka. Mama Furaha akaanza kupiga ngoma, bengine wakanyanyua mikono, wakaimba, "Shuka, shuka!" Kumbe ni kijiti, Baba Bahati. Kijiti kirefu kama muiba ya samaki, kimepita kitenge, kimeingia mu mupaja ya mama pasta. Tulikitosha nyuma ya kanisa, mi mwenyewe nikashika tochi. Yeye alicheka, ni mutu muzuri. Lakini batu ndio batu. Pale ku bomba ya maji nikasikia mutu anasema, hajui niko nyuma yake: "Ateliye ya Muzee Elia ilikufa na mwenyewe."

Nikaweka jerikani chini. Sikumujibu. Mi! Unanijua, mi nakosa jibu? Lakini nikakosa.

Na nyuma kidogo ikakuya ile ya ku biro, siku ya kuhakikisha makarte ya bakimbizi. Kijana akaniambia niweke kidole ku kioo. Naweka. Akapangusa kioo. Naweka. Akapangusa kidole yangu na kitambaa, kama anapangusa kijiko. Naweka. Akaangalia mashini yake, akaniangalia mi, akasema: "Mama, hauna vidole." Nikamuambia: "Biko kumi, hesabu." Mustari yote ikacheka, hata yeye. Akanielezea muzuri ni ile mistari ya kidole, imekwisha, imekuwa laini kama yai. Bakapima macho, karte ikapita, hakukuwa shida. Lakini mi nikarudia kwa miguu nafikiri: ile mistari yangu imeenda fasi gani? Nikajiambia, iko ku milango ya batu. Iko ku meza za Rubondo, iko ku bitanda bya Bezikampu. Nimejilaza mi mwenyewe, Baba Bahati, kidogo kidogo, na nililaza muzuri.

Sasa Bahati akakuya na habari ya mashini. Kwanza alinizunguka zunguka, unamujua, mpaka akasema: "Mama, Mbarara kuko mashini za kulainisha mbao. Zinasimama zenyewe. Iko na moteri, iko na sahani ya chuma inazunguka, ku sahani banabandika musasa, mbele kuko kameza. Unasukuma mbao tu. Tukipata moja ya okazioni, yenye ilishatumika, jina ya baba itarudia." Nikamuambia mashini haina ngozi. Nikamuambia mengine mabaya, Esta hii usiandike. Akarudia ku rabo. Hakununua. Juu ulimuachia neno: "Fasi ya kazi ni ya mama yako." Bila mi kusema ndiyo, mutoto yako hawezi kuleta hata nyundo.

Na ndani ya roho, mi nilijua. Kama mashini inaingia, mi natoka. Nani atauliza mi kama imelala?

Lakini ile neno ya ku bomba haikunitoka. Jina yako kuchekwa na batu ba ndoo mu mikono! Asubuhi moja nikamuambia: "Twende hiyo Mbarara." Nikafunga mu kitenge ule mukono wa kiti.

Unaujua. Kiti yangu, ile ya mbao ya musizi, ulisema nitakaa nayo uzee wangu ku barza. Miguu ulimaliza, mugongo ulimaliza, mukono wa kwanza ulimaliza nikaulaza. Mukono wa pili ulipiga rabo tu, kiisha homa ikakushika. Ule mukono kungali mapito ya rabo yako, mitaro midogo midogo, kama shamba imelimwa leo. Sikuulaza. Nilikuwa nauweka chini ya kitanda. Bahati akaniuliza naubebea nini, nikamuambia we endesha safari yako.

Mbarara tukaingia kwanza fasi banauza mashini za okazioni, uwanja munene, byuma bimepakwa rangi mupya mpaka vinanuka. Kijana wa pale ana maneno kupita mi, na mi unanijua. "Mama, hii ni orijino! Imetoka Ulaya, haijatembea!" Akaiwasha. Inatetemeka kama mwenye malaria. Bahati akasukuma kambao, ikatoka nyeusi, inanuka kama uji imeshika chini ya sufuria. Nikamuambia: "Kijana wangu, hii haijalaza, imechoma." Akakasirika. Akasema: "Kama munataka ya bei ya chini muende karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, kwa mama mmoja wa mwanajeshi. Iko na moja inatupa mbao kama bomu. Hakuna mtu nataka yeye." Alisema kwa kutucheka. Bahati akasema turudie nyumbani. Mi nikasema, tumekuya mpaka huku, hata bomu tuione.

Tukafika. Nyumba ya kupanga, nyuma yake kabanda ka mabati. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, Mama Keneth, mufupi, anatembea na kandambili munene za mwanaume. Bwana yake alikuwa sajini, kazi ya mbao alifanyaka saa anapumuzika. Alikufa. Sikumuuliza ya nini. Aliona kitambaa yangu nyeusi, mi nikaona yake. Akaniletea kiti, Bahati akamuacha asimame.

Akasema: "Nyabo, mimi nasema ukweli. Kila mtu nakuja hapa, nawasha, mbao naruka, nakimbia. Lakini mzee yangu alikuwa natumia yeye kila siku, na hakuna siku ilimupiga."

Bahati akaiwasha. Sauti yake muzuri, Baba Bahati, imetulia, kama nyuki mbali. Akasimama, akasukuma mbao ku sahani, na kweli! Mbao ikaruka juu, ikapiga mabati, pwaa! Mwanajeshi mumoja wa jirani, mwenye kufua singlendi yake pale inje, akalala chini ku udongo. Tulicheka. Akainuka anapangusa magoti: "Mnacheka? Mimi nimezoea!"

Bahati akazima. Akasema polepole: "Mama, imeharibika. Twende."

Ndiyo pale ule mama akasema: "Lakini wewe nasimama kwa nini hapo? Yeye hakusimama hapo." Akatoa kandambili, sijui ni ya nini, akaenda upande ingine, akasimama yeye mwenyewe, bega ku ukuta. Na ku ule ukuta, juu kidogo ya fasi bega yake ilifika, kuko alama. Mafuta ya mutu. Bega ya bwana yake, miaka yote, imesugua ule ukuta mpaka umeng'aa. Akasema: "Alikuwa wa kushoto. Alilipa fundi wa umeme, mashine izunguke kama yeye. Hata saluti ilikuwa nataka kutoka na kushoto. Walimkimbiza kiwanja mpaka akazoea." Akacheka, kiisha akaacha kucheka, akabakia na mukono ku ile alama.

Bale batu bote balikuya kununua, hakuna mwenye aliambiwa neno hiyo, juu hakuna aliuliza fasi mwenyewe alisimama. Na yeye alifikiri kila mutu anajua.

Bahati akazunguka, akasimama upande ya marehemu, akasukuma mbao. Ikaingia kimya. Unga ikamwagika chini kama ya muhogo. Akatosha, akanipa.

Sasa ndiyo kazi yangu. Bote bananiangalia. Nikafunga macho, nikapitisha bidole. Kimya. Nikapitisha tena. Kimya. Ni kimya ya kulala ao ni kimya ya bidole? Sijui. Nikaogopa, Baba Bahati. Nikamuona mama pasta anaruka. Nikaona nitasema "imelala" kama kasuku, na mutoto yako atanunua kwa neno ya uongo. Ao niseme sijui, mbele ya batu, na iishe pale.

Ndiyo nikakukumbuka na kile kitanda kidogo cha Bahati, kule kwetu Fizi, mbele ya vita. Nilikuwa na tumbo munene, wewe ukainama, ukaweka shavu yako ku mbao. Nikakucheka, nikasema unabusu mbao mbele ya mutoto kuzaliwa. Ukaniambia: "Fasi mutoto ataweka uso, mutu apime na uso."

Nikatosha ile kitambaa ku masikio, nikaweka shavu ku mbao, nikaivuta pole pole. Ule mwanajeshi akasema: "Nyanya, wewe nasikiliza mti? Inasema nini?" Nikamuambia: "Inasema afande anyamaze."

Na nikasikia. Shavu haikupigaka musasa hata siku moja, Baba Bahati. Shavu kungali mupya! Kona moja kulikuwa kaunyuzi kamoja, kadogo kama kope ya mutoto. Nikasema: "Bado. Kuko kamoja hapa hakataki kulala." Bahati akarudisha, akasukuma tena kidogo, akanipa. Nikaweka shavu. Nikasema: "Imelala." Na Bahati, mwanaume munene na ndevu, akageuka kuangalia inje.

Bei tulipatana bila kelele. Wakati banapakia, Mama Keneth akamuambia Bahati: "Wewe ni wa kulia. Ukifika, tafuta fundi, geuza yeye." Nikamuuliza, haitakuuma, akigeuza vile bwana yako aliiweka? Akaniangalia, akasema: "Nyabo, mzee alisimama ya kutosha. Sasa mtoto asimame." Kiisha akaingia kufagia ule unga. Lakini niliona, ule ukuta hakuufuta.

Neno yake ndiyo nilibeba mu njia yote, mi na matoke na mashini. Mpaka Kabingo, pale kamba ilikatika, nilikwisha kuamua: ule mukono wa kiti, Bahati aumalize.

Sasa iko hapa. Fundi aliigeuza, ni nyaya tu. Imesimama pale ulikuwaka unaweka mbao ya mvua. Milango inatoka, meza inatoka. Mabanki ya kanisa Bahati aliyarudisha yote, bila mutu kuomba, tukayalaza upya, nikayapima moja moja na shavu. Batoto ba jirani bananiita "Nyanya wa kubusu". Babusu mbao nabo, baone! Jana ule mutu wa ku bomba alikuya kuomba tumupigie mulango. Nikamuangalia muzuri, nikamuambia: "Karibu kwa Muzee Elia." Basi. Ile jibu ilichelewa, lakini ilifika.

Kilichobakia ni kiti yangu. Leo Bahati anaimaliza. Anangoja ule mukono, uko hapa ku magoti yangu, nimeushika naongea na wewe. Nimemuambia hivi: juu, fasi nitaweka mukono, mashini ipite, ilale, mi nitapima. Lakini chini, fasi bidole vinazunguka kushika, asiguse. Juu unajua nimeona nini? Bidole byangu habisikii kulala, lakini mapito ya rabo yako vinasikia. Mutaro moja moja. Naweza kuhesabu fasi ulisukuma na fasi ulipumuzika. Basi nitakaa ku barza, mukono juu umelala, na chini, fasi batu habaoni, nitakuwa nimekushika. Hakuna mutu atajua, ni mi na we na Esta mwenye kuandika. Esta, acha kulia, unaloanisha karatasi.

Ulale muzuri, Baba Bahati. Ndani ya ile sanduku nililaza vile nilijua. Na nakuahidi, hakuna kitu kitatoka ku ule mulango bila mutu kuuliza na mutu kujibu. Shavu yangu ikichoka, kuko ya Esta, nimeanza kumufundisha, yeye anafikiri ni muchezo. Tena nilitaka kukuambia habari ya mbuzi wa Mama Furaha, vile alikula...

Unamusikia? Ndiye huyo Bahati, anaita na sauti yako: "Mama! Leta ule mukono, umeme usikatike! Kuya uone kama imelala!"

Ninakuya, ninakuya. Esta, nisaidie nisimame.